Bei ya ua isipimwe kwa viatu vya mteja

Ijumaa moja jioni nilikuwa nikitembea kando ya Ngong Road, malapa miguuni, mfuko wa sukuma wiki mkononi. Nikasimama kwenye kitalu kimoja cha maua na kuuliza bei ya monstera, ile ya majani mapana yenye matobo. Kijana aliyekuwa akinyunyiza maji aliniangalia kutoka kichwani hadi kwa malapa, kisha akasema, "Hiyo ni mia nane, siste. Lakini tunaongea."

Nikamwambia narudi. Nusu saa baadaye rafiki yangu akashuka kutoka kwa teksi. Alikuwa ametoka kazini: viatu vya visigino, mkoba wa maana begani, Kiingereza mdomoni. Nikamtuma peke yake aulize mmea uleule, kwenye chungu kilekile. Akarudi akicheka. "Ati elfu mbili mia tano. Ati ni rare."

Nusu saa tu. Mmea haukuwa umeongeza hata jani moja.

Najua utakachosema. Hiyo ndiyo biashara, mbona unalia? Hata Gikomba bei hupanda muuzaji akisikia lafudhi yako. Ni kweli. Lakini Gikomba ukishika jaketi unaliona lote: zipu inafunga au haifungi, kwapa limeraruka au halijararuka. Ua si jaketi. Ukinunua ua, unanunua vile litakavyokuwa miezi sita ijayo, na kati yenu wawili ni muuzaji peke yake anayejua litakuwaje.

Hapo ndipo ugomvi wangu na hili neno "rare" unapoanzia. Mara nyingi hapa mjini bei ya mmea unaoitwa adimu haipimwi kwa uadimu wake. Inapimwa kwa mambo ambayo wewe mnunuzi huyajui. Na nasema hivyo nikiwa nimesimama pande zote mbili: nimeumizwa, na nimeumiza.

Wacha nianze na kuumizwa. Miaka kadhaa iliyopita niliona picha ya filodendroni kwenye simu, majani ya juu yote ya waridi kama keki ya bathdei. Jina lake "Pink Congo". Zimebaki tatu tu, bei njoo inbox. Nikaenda inbox. Elfu nne mia tano, pesa ya kuletewa kando. Mwenye ukurasa akaniambia kuna watu wawili wanaulizia hilohilo, basi nikatuma M-Pesa usiku huohuo. Hizo pesa zilikuwa na kazi nyingine, lakini tuyaache.

Baada ya miezi michache kila jani jipya lilikuwa la kijani. Na yale ya waridi nayo yakaanza kurudi kijani. Mimi nikadhani kosa ni langu. Nikahamisha chungu dirisha hadi dirisha, nikapunguza maji, nikaongeza maji, nikanunua mbolea ya chupa. Wapi!

Kumbe wapenda mimea huko nje walikuwa wameshalijua jambo hili kitambo. Rangi ile si ya kuzaliwa. Mmea hutiwa kemikali ukiwa bado kwa mkuzaji, majani yanayochipuka wakati huo yanakosa kijani chake, na dawa ikiisha nguvu mmea unarudia hali yake. Yaani nililipa elfu nne mia tano kwa filodendroni ya kawaida iliyopakwa lipstiki. Usiichanganye na "Pink Princess", ambayo waridi lake ni la mmea wenyewe, ingawa nalo linaweza kupungua usipoupogoa vizuri. Nilipomwandikia muuzaji kumuuliza, alinibloku.

Sasa kuumiza.

Nilipoacha chuo nilianza kuuza maua kutoka kwa balkoni ya nyumba ya kupanga. Ua lililokuwa likiniuzia sana ni sansevieria, ile ya majani yaliyosimama kama panga, yenye kingo za njano. Ni rahisi kuzidisha: unakata jani vipande, unachomeka kwenye mchanga, unangoja. Nilikuwa nimekata majani mengi. Usiku mmoja nikiwa nasoma kwenye simu nikagundua kwamba zile kingo za njano hazirithiwi kupitia jani. Ukipanda kipande cha jani, litaota, lakini machipukizi yatakayotoka yatakuwa kijani kitupu. Ukitaka njano iendelee, lazima ugawanye mmea pale chini kwenye mizizi.

Kesho yake asubuhi akaja dada mwenye saluni mtaani, akitaka sita za kupanga mlangoni. Vipande vyangu bado vilikuwa na njano yao, vinapendeza kweli. Kodi ya nyumba ilikuwa imebakisha siku tatu. Nikamuuzia sita kwa mia tano kila kimoja. Hakuniuliza, nami sikumwambia.

Miezi minane baadaye nikapita pale saluni. Vyungu sita mlangoni, na kila kimoja kimechipua kijani kitupu. Dada akaniita, akanionyesha, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama, "Sijui nilikosea wapi. Labda ni hizi dawa za nywele."

Ilinichoma, kwa sababu ni vilevile nilivyojilaumu mimi na dirisha langu. Elfu tatu mtu atazitafuta tena. Lakini ukimwacha mteja bila ukweli, anaondoka akiamini ana mkono mbaya wa kupanda, na hapo umemharibia kitu ambacho hukuandika kwenye risiti.

Basi tuulizane: mmea adimu ni upi hasa? Nimejifunza kwamba kuna aina tatu, na zote zinauzwa kwa neno moja.

Aina ya kwanza ni ya adimu wa muda. Mmea si mgumu kupatikana, ila haujazidishwa vya kutosha. Mwezi Juni 2021, watu wakiwa bado wamejifungia nyumbani kwa sababu ya Korona, mmea mmoja wa Rhaphidophora tetrasperma wenye mabaka meupe uliuzwa kwenye mnada wa mtandaoni wa Trade Me huko New Zealand kwa zaidi ya dola 19,000 za Marekani. Hizo kwa wakati ule zilikuwa kama shilingi milioni mbili za Kenya. Pesa za gari, kwa mmea unaotosha kwenye chungu cha dirishani.

Au tazama monstera inayoitwa Thai Constellation, yenye majani kama yamemwagiwa nyota. Ilitokea maabara nchini Thailand, na kwa miaka mingi mtu alitoa mamia ya dola kuipata. Kisha wakuzaji wakubwa wa Marekani na Ulaya wakaizidisha kwenye maabara, na ikaanza kuonekana kwenye maduka ya kawaida kwa makumi ya dola. Waliokuwa wamekopa kuinunua walibaki na ua zuri na deni. Kwa hiyo ukiambiwa "nunua sasa, itapanda bei", jiulize swali moja: mmea unaozaliwa kutokana na kipande cha shina utakuwaje adimu milele? Kila anayeununua leo ni mshindani wa kuuza mwaka ujao.

Aina ya pili ni ya adimu wa jina. Monstera adansonii, ambayo ni ya kawaida kabisa, huuzwa kwa jina la Monstera obliqua, ambayo ni nadra sana hata kwa wataalamu. Rhaphidophora ya kijani huitwa "mini monstera", ilhali si monstera kamwe. Na ile ZZ yenye majani ya kung'aa? Muuzaji mmoja aliwahi kuniapia kwamba ni ya Uholanzi, ndiyo maana bei iko juu. Zamioculcas ni ya kwetu jamani! Huota yenyewe Afrika Mashariki, kuanzia Kenya, na kuendelea kusini hadi Afrika Kusini. Waholanzi walianza kuikuza kwa wingi miaka ya 1990 na kuiuzia dunia. Sasa inarudi kwetu kwa jina la mgeni, na sisi tunailipia nauli ya ndege.

Aina ya tatu ni ya adimu kweli, na hii ndiyo inayopaswa kukutia hofu badala ya tamaa. Kuna mimea ya jamii ya Encephalartos, inayofanana na mnazi mfupi mnene, ambayo huota polepole mno. Mmoja wao, Encephalartos kisambo, asili yake ni vilima vya Taita Taveta. Jamii hiyo yote iko kwenye Orodha ya Kwanza ya mkataba wa CITES, orodha ileile walimo ndovu wetu. Mtu akikuletea mkubwa, shina limekomaa, na hawezi kukwambia ulikuzwa wapi, basi huenda mtu alikwenda na sururu porini usiku. Hapo usiulize bei. Hiyo si bidhaa.

Haya, nimewasema wauzaji vya kutosha. Sasa niwatetee, maana wengi wanaowaita matapeli hawajawahi kubeba jerikeni.

Kijana wa kitalu cha kando ya barabara hana mfereji. Ananunua maji au anayachota mtoni. Analala palepale kwenye kibanda cha mabati ili maua yasibebwe usiku. Ardhi si yake, ni hifadhi ya barabara, na siku barabara ikipanuliwa atahama na vyungu vyake kwa mkokoteni. Katika kila vipande kumi anavyopanda, kuna vinavyooza, na wewe unaponunua kilichopona unalipia pia wenzake waliokufa. Hata mabaka meupe yana gharama ya kweli. Sehemu nyeupe ya jani haina chembe za kijani za kutengeneza chakula, kwa hiyo mmea wa aina hiyo hukua polepole kuliko ndugu yake wa kijani, na ukitoa majani meupe matupu unaweza kufa njaa. Mtu aliyeulea mwaka mzima ana haki ya kukuitisha zaidi.

Tena tuambiane ukweli. Sisi vijana tunabishana na mzee wa kitalu kwa sababu ya bogainvilia ya mia mbili mpaka anatuachia kwa mia na hamsini. Kisha jioni tunamtumia mwenye ukurasa mzuri wa picha elfu sita bila swali hata moja, kwa sababu chungu ni cheupe na mandhari ni ya kupendeza. Huo nao ni upuuzi, na ni wetu.

Kwa hiyo sisemi maua adimu yawe rahisi. Ninachodai ni kwamba bei iandikwe, na iandikwe pamoja na kile kinachouzwa.

Na usiniambie haiwezekani. Nchi hii inakuza waridi za kuuza Ulaya. Waridi la Naivasha linapimwa urefu wa shina kwa sentimita kabla halijapanda ndege, na la sentimita 60 halichanganywi na la 40. Likifika kwenye mnada wa Aalsmeer kule Uholanzi, linauzwa kwa saa ya mnada: bei inaanza juu na kushuka, wanunuzi wote wanaiona, na wa kwanza kubonyeza ndiye anayechukua. Hakuna anayeangalia viatu vya mtu. Yaani Mkenya anaweza kupanga, kupima na kuandika bei ya ua linalokwenda ng'ambo, lakini ua linalokwenda Umoja au Rongai linauzwa kwa kukutazama usoni?

Halafu hili la "bei njoo inbox". Naelewa sababu. Hawataki washindani waone, na wanajua ukishaanza kuongea nao utaona haya kuondoka. Lakini ikiwa bei yako ni ya haki, kwa nini kila mtu aisikie peke yake gizani? Wahenga walisema kizuri chajiuza.

Tusisubiri serikali ije kuandika bei kwenye vyungu, ila ujue sheria ipo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na alichonunua. Sheria ya kuwalinda watumiaji bidhaa ya mwaka 2012 inakataza kuuza kitu kwa maelezo ya uongo. Na mtu akikwambia mmea wake umeingia kutoka Thailand wiki jana, muulize kuhusu KEPHIS. Mmea unaotoka nje unahitaji kibali cha KEPHIS kabla haujasafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka ulikotoka. Akianza kukohoa, ama si wa Thailand au uliingia ndani ya soksi. Na wa ndani ya soksi unaweza kuja na wadudu watakaomaliza balkoni yako yote.

Ukienda kununua, uliza mambo manne, na uyaulize kabla hujagusa simu ya kulipa.

La kwanza, je, kina kifundo? Kipande cha monstera au filodendroni bila kifundo, yaani ile sehemu ya shina inayotoa jani, mzizi na chipukizi, kitakaa kwenye maji kwa miezi kikiwa kizuri na hakitatoa mmea mpya kamwe. Jani peke yake na kikonyo chake ni shada la maua, lilipe kama shada.

La pili, je, mizizi ipo? Mwombe autingishe mmea kidogo. Wenye mizizi hushika udongo. Uliochomekwa jana hucheza kama jino la mtoto. Wa jana si mbaya, ila bei yake iwe ya jana.

La tatu, hii rangi itabaki? Muulize waziwazi mmea utakuwaje baada ya miezi sita, na umwombe akuonyeshe mmea mama. Mwenye mmea mama hufurahi kuuonyesha.

La nne, umetoka wapi? Ulizaliwa hapa, uliletwa kutoka nje, au ulichimbwa porini?

Kama majibu ni mazuri, lipa, na usimnyonye mtu kwa ajili ya shilingi hamsini. Kama bei bado imekushinda, ngoja, maana mimea huzaliana. Au fanyeni kama chama: watu wanne mnachanga, mnanunua mmoja wenye mizizi, anaulea yule mwenye dirisha zuri, na shina likirefuka mnakatiana. Mimi monstera yangu ya kwanza ya mabaka niliipata hivyo, zamu ya tatu, baada ya miezi kumi na moja ya kusubiri.

Na wewe unayeuza, iwe ni kando ya Kiambu Road au kwenye balkoni kama mimi, jaribu hiki kitu kwa mwezi mmoja. Mimi hukata vipande vya mkebe wa maziwa, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito na kuchomeka kwenye kila chungu: "Monstera. Vifundo viwili. Mizizi ipo. 900." Au: "Sansevieria ya jani. Itachipua kijani. 150." Jamaa mmoja wa kitalu alinicheka, akasema ukiandika bei unawafukuza wateja kabla hujawasalimia. Ni kweli wengine huondoka. Hata hivyo wanaobaki hawabishani sana, na siku mteja wa visigino na mteja wa malapa walipokutana kwangu wakati mmoja, sikulazimika kumnong'oneza yeyote.

Lile deni la saluni nalo nililipa. Niligawanya mimea mama yangu sita pale kwenye mizizi, nikaibeba kwa boksi hadi mlangoni kwa yule dada, nikamweleza kila kitu, pamoja na kwamba nilikuwa najua. Alinyamaza, akaendelea kumsuka mteja wake hadi mwisho wa mstari. Kisha akaniambia, "Si ungesema tu siku ile? Mimi hata za kijani ningechukua."